Lipande Mwanda Lenyewe

Kuna picha inayozunguka kwenye simu za watu wanaonifahamu. Inanionyesha nimesimama kando ya barabara Wundanyi, shati limelowa, mkanda wa mpira umening'inia shingoni kama nishani, na kwapani nimebana kuku. Aliyeipiga simjui. Nimeulizwa mara nyingi mno kilichotokea, kwa hiyo naandika mara moja tu. Anayetaka asome, asiyetaka abaki na picha.

Gari linalokosekana kwenye picha hiyo ndilo kisa chenyewe. Ni gari dogo la spoti, la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, na rangi ya kijani ambayo sasa inahitaji kuelezwa. Liliundwa kabla sijazaliwa, na nikitazama nafasi ya miguu naona aliyeliunda hakutarajia kwamba ningezaliwa na magoti haya. Baba mkwe wangu alilipata kwa meneja mmoja wa shamba la katani upande wa Mwatate, aliyekuwa anarudi kwao. Akalipandisha hadi nyumbani kwake Mwanda, juu kabisa milimani, na likakaa huko maisha yote ya mzee huyo. Alipofariki, alimwachia mwanawe Mwadime shamba, na binti yake Wakesho, mke wangu, akamwachia gari. Tangu siku gari lilipoletwa Nairobi, ndugu hao wawili walizungumza kupitia kwa watu wengine.

Halafu Mwadime akapatwa na ngiri. Madaktari wa Mombasa wakamwambia apasuliwe upesi, utumbo usije ukabanwa. Akakataa. Alisema hawezi kulala juu ya meza ya kupasuliwa akiwa na hasira moyoni juu ya dada yake, maana akifa nayo itabaki kwa watoto. Na hawezi kusema imetoka wakati haijatoka. Itatoka siku gari la baba litakapopanda Mwanda lenyewe, kwa injini yake.

"Lipande lenyewe," Wakesho alinirudishia maneno aliyoletewa na wifi yake kwa simu. "Basi litapanda."

Mimi nafundisha fasihi. Niliuliza kama kuna njia ya kulichukulia sharti hilo kama sitiari. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

Nairobi hadi Ndi

Sitawachosha na Nairobi. Tulipita Mtito Andei gari likinguruma kwa furaha na sisi tukipiga kelele ili tusikizane, maana turubai lina matundu. Wakesho ndiye aliyeendesha. Mimi nilishika chupa ya maji na ramani ambayo hakuna aliyeihitaji.

Karibu na Ndi, mahali ambapo barabara imenyooka na pande zote mbili ni vichaka na udongo mwekundu, tulisikia mlio kama wa mtu aliyepigwa kofi. Taa nyekundu ikawaka. Tulipofungua boneti, mkanda wa feni ulikuwa umekatika na umelala chini ya injini kama nyoka aliyekanyagwa.

Mkanda huo, kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa sijui, ndio unaozungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Bila huo, maji hayazunguki na injini inachemka. Niliwahi kusoma mahali kwamba soksi ndefu za kike zinaweza kufungwa badala yake. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amevaa suruali ya dengrizi.

"Usinitazame hivyo, Baba Rehema."

"Kuna leso kwenye begi."

"Leso hiyo ni zawadi ya wifi. Unataka nifike nimempelekea zawadi inayonuka grisi?"

Tukakaa. Treni ya abiria ilipita juu ya tuta lake, safi, ikienda Mombasa, na nikafikiria watu waliokuwa ndani wakinywa chai. Tembo wawili wekundu walisimama mbali ng'ambo ya reli. Wakesho aliwasalimu kwa Kidawida, lugha ya kwao. Hawakuitikia, ila niliona wamesikia.

Aliyetuokoa alikuwa dereva wa lori la mbuzi. Alitufunga kwa kamba, akatuvuta polepole hadi Voi, mbuzi wakituangalia njia nzima kwa nyuso za mahakimu. Nilimuuliza Wakesho kama kuvutwa hakujaharibu sharti.

"Kaka alisema lipande Mwanda lenyewe," akajibu akiwa ameshika usukani wa gari lisilo na sauti. "Hakusema neno lolote kuhusu Ndi."

Voi

Voi kuna joto linalokaa kitako. Lori lilituacha mbele ya gereji ya fundi anayeitwa Kilonzo, mzaliwa wa Voi kwa wazazi waliotoka Kibwezi, mwanakwaya, na mtu asiyeruhusu kimya kidumu. Alilizunguka gari mara kadhaa kabla ya kunisalimia.

"Mkubwa, hii gari ni ya mwaka gani?"

"Imenizidi umri."

"Basi ipewe heshima, isiulizwe maswali."

Watu walikusanyika. Mmoja alitaka kujua mashindano yanaanzia wapi. Mwingine alisema ni gari la mgombea, akaniuliza nagombea nini. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha mahamri aliinama, akachungulia ndani, akauliza kwa huzuni, "Na bibi harusi yuko wapi?"

"Ni mimi," Wakesho akasema. "Tumechelewa kidogo."

Mama yule alimpa mahamri mawili ya bure na kunitazama mimi kama niliyemchelewesha. Tulikula na mbaazi tukiwa tumekaa juu ya tairi kuukuu, na sijala mbaazi za nazi tamu kama zile, ingawa huenda ni njaa iliyosema.

Kilonzo alizunguka maduka yote ya vipuri. Kulikuwa na mikanda ya malori, ya trekta, ya pikipiki zenye magurudumu matatu. Wa gari letu haukuwepo, na wenye maduka walicheka kwa upole. Mwishowe alirudi ameuinua mkanda juu kama aliyevua samaki.

"Ni wa posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi," akatangaza. "Upana ni ule ule. Urefu umepunguka kidogo tu, kitu kidogo sana."

Nilidhani kuvalisha mkanda ni jambo la kuvalisha. Alilegeza boliti za dainamo na kuisukuma hadi ikagusa injini. Akaupitisha mkanda kwenye feni, panga moja baada ya jingine, kama mama anayemvalisha mtoto mkaidi sweta. Ukaingia kwenye puli ya chini. Ukaingia kwenye ya dainamo. Kwenye ya pampu ukakataa kabisa. Alivuta, akatukana kwa Kikamba, akaomba msamaha kwa Mungu, akavuta tena.

"Sasa tutaudanganya," akasema. Akaweka gia ya juu, akauegemeza mkanda ukingoni mwa puli, akauzuia kwa mpini wa nyundo. "Sukumeni pole pole!" Tulisukuma mimi na mtu aliyekuwa amekuja kununua tikiti maji. Magurudumu yakazungusha injini, injini ikazungusha puli, na mkanda ukapanda wenyewe na kuingia kwa mlio, *tap!* Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote.

Kilonzo aliukwanyua kwa kidole kama uzi wa gitaa. Ukalia. "Sikia hiyo! Soprano!"

"Haujakaza sana?" nikauliza, kwa kuwa niliona ni swali linalofanana na ujuzi.

"Mkubwa, unaenda mlima. Mkanda ukilegea utateleza, na ukiteleza utarudi kwangu. Mimi nakupenda, lakini si hivyo."

"Ni kweli," Wakesho akasema. "Baba alinifundisha hivyo hivyo. Alisema, kaza, kaza mpaka ushindwe."

Walikuwa wawili dhidi ya msomi mmoja.

Mwatate

Tulilala Voi, na asubuhi tukashika njia ya Mwatate. Gari lilienda vizuri ila lilikuwa na sauti mpya, nyembamba, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Wakesho alisema ni mkanda mpya unazoea. Nilipenda jibu hilo kwa sababu lilituruhusu kuendelea.

Mwatate tulisimama kula kimanga. Ni viazi vitamu na maharagwe yaliyopondwa pamoja hadi yakasahau tofauti zao, na kikiliwa cha moto mtu hahitaji kitu kingine hadi jioni. Hapo ndipo nilipouliza swali nililokuwa nalo tangu tutoke Nairobi.

"Kaka yako atafanya nini hasa, tukifika?"

"Atatasa."

"Yaani?"

"Anapiga funda la pombe ya miwa, au maji. Hamezi. Anapuliza nje, fuu, kama mvua nyembamba. Halafu anasema hasira itoke, na anatutakia mema. Ndiyo hivyo."

"Na lazima awe hana hasira tayari?"

"Lazima awe ameshaiachia. Ukitasa huku moyoni umeishikilia, ni vibaya kuliko kukaa kimya."

"Mtu atajuaje?"

"Yeye atajua."

Nilifikiria jambo hilo. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikiamini kwamba hasira isiyosemwa ni adabu njema. Hapa kulikuwa na watu waliokuwa na hakika kwamba hasira iliyonyamazishwa inafanya kazi yake hata mwenyewe akilala: mtoto anaugua, ng'ombe anakauka maziwa.

"Lakini Mwadime si mzee wa kanisa?"

"Ni mzee wa kanisa."

"Na mchungaji anasemaje?"

"Mchungaji naye ana mjomba anayeweza kumkasirikia," akasema Wakesho, akaomba kimanga cha pili.

Nilimuuliza kama na yeye ana hasira. Alitafuna muda mrefu kuliko kimanga kinavyohitaji. "Mimi ndiye niliyekasirikiwa," akasema. "Sina shida na mtu."

Mlimani

Kutoka Mwatate barabara inaacha tambarare na kuanza kujikunja. Kila kona unaiona ile uliyotoka ikiwa chini yako, na hewa inapoa ghafla kana kwamba mtu amefungua mlango. Kwa sisi, kila kilichopoa nje kilipata moto ndani. Mshale wa joto ulipanda nasi. Yule nzi wa kwenye chupa alikuwa sasa ni nyuki.

Tulisimama kwenye kona, tukasubiri, tukaongeza maji, tukaendelea. Tulisimama tena. Chini ya pampu palikuwa na matone. Nilimwonyesha Wakesho.

"Ni jasho," akasema.

"Gari halitoi jasho."

"Basi ongeza maji na usiniambie."

Wundanyi tulijaza mtungi wa plastiki. Kupita Mgange, ukungu ulishuka na lami ikawa ya kubahatisha. Gari letu liko chini kiasi kwamba kila jiwe linalijua kwa jina. Mwanamke aliyekuwa amebeba majani ya ng'ombe kichwani alitembea sambamba nasi kwa muda mrefu, akiuliza habari za nyumbani, nani amekufa, nani ameolewa, na Wakesho akimjibu bila kulegeza mguu. Mwishowe mwanamke yule alituaga na kutupita.

"Ni la Mzee," alisema kwa sauti akiwa mbele, akimwambia mtu tusiyemwona kwenye ukungu. "Gari la Mzee linarudi!"

Mwanda

Nyumba ya Mwadime iko juu ya mteremko mkali, na kutoka chini unaiona yote: bati, mgomba, ukuta wa mawe. Tuliiona. Tukaona watu wamejipanga ukutani. Wakesho akaingiza gia ya kwanza na kusema jambo kwa Kidawida ambalo hakulitafsiri.

Tulifika nusu. Kisha mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, mwingi, mweupe, na injini ikakohoa na kunyamaza. Nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Kutoka pale hadi mlangoni ungeweza kurusha embe likafika.

Mwadime akateremka. Ni mtu mkubwa, na alishuka akiwa ameshika kinena kwa mkono mmoja, mkewe Mkawasi akimfuata na kumkemea asithubutu kusukuma. Alinipa mkono. "Shemeji, karibu." Dada yake hakumpa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye boneti, akangoja mvuke upungue, akaifungua na kubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Haukusogea hata kidogo.

"Nani amekaza hivi?"

"Fundi wa Voi," nikasema. "Alisema ni soprano."

"Mkanda hauimbi, shemeji. Mkanda uliokaza hivi unakula pampu. Tazama maji yanavyotoka." Akamgeukia Wakesho kwa mara ya kwanza. "Na wewe ulikuwepo ukamwacha?"

"Baba alisema kaza."

"Baba alisema acha nafasi! Kidole gumba kizame! Nimesikia kwa masikio yangu."

"Na mimi kwa yangu. Kaza mpaka ushindwe."

"Ungejuaje? Ulikuwa Nairobi. Alipougua ulikuwa Nairobi. Halafu ukatuma lori! Watu wageni wakalifunga gari la baba kamba, wakalibeba kama maiti, matanga hayajaisha, na wewe hukuja nalo hata kunywa maji!"

"Nilikupigia simu mwezi mzima! Hukushika! Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha baba, Mwadime. Kwenye kiti chake! Niliwakuta kwa macho yangu siku ya mazishi, na wewe ukasema gari ni chuma tu."

Nilitazama viatu vyangu. Ukutani juu hakuna aliyesogea. Walisema na mengine, ya Kidawida, ya haraka, ambayo sikuyaelewa na nisingeyaandika kama ningeyaelewa. Wakesho, ambaye hakuwa na shida na mtu, alikuwa analia kwa hasira iliyokaa muda mrefu kuliko nilivyojua. Nikaona wazi kwamba safari imeshindikana, gari na ngiri na yote.

Kisha Mwadime akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa anamtazama dada yake mikono.

"Alikufundisha lini?" akauliza.

"Nikiwa darasa la sita."

"Mikono yako ilikuwa hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili kitu kidogo. "Wewe ukikaza mpaka ushindwe, mkanda unakuwa umefika tu pale panapotakiwa. Mimi ningeng'oa boliti. Ndiyo maana mimi aliniambia niache."

Wakesho alifuta uso kwa kiganja, akaacha alama ya grisi. "Mzee yule," akasema.

"Mzee yule," akasema kaka yake.

Akaniomba mtungi. Nilidhani ana kiu. Alipiga funda, akasimama kidogo mashavu yamejaa, akapuliza. Maji yalitoka membamba kama ukungu wenyewe, yakatua juu ya boneti yenye moto na kupanda tena kwa mlio mdogo. Akasema kwa Kidawida, kisha kwa ajili yangu akarudia kwa Kiswahili: kama kuna hasira ndani yangu imetoka, dada yangu apoe, watoto wapoe, barabara ipoe. Akampa Wakesho mtungi, naye akafanya vile vile, vizuri, kama aliyefanya jana.

Halafu wakanipa mimi. Sikujua kama nina hasira, lakini sikutaka kuulizwa. Nilipiga funda, nikapuliza kwa nguvu zote, na maji yote yakaishia kwenye shati langu. Mkawasi alicheka hadi akakaa chini.

"Haidhuru," Mwadime akasema. "Wewe umeoa tu kwetu."

Kushuka

Mkanda sahihi ulikuwepo. Ulikuwepo muda wote, ukining'inia kwenye msumari ghalani kwa Mwadime, ndani ya karatasi yake: mkanda wa akiba alioununua Mzee na kutoutumia. Lori lilipokuja kuchukua gari, Mwadime hakuutoa. Alituambia hivyo huku akiufungua, bila kuinua macho, na Wakesho akasema, "Lete spana," basi.

Injini ilipopoa, walilegeza dainamo, na ule wa posho mill, uliokuwa umebana hadi hauna pa kushikwa, wakautoa kwa ujanja wa Kilonzo kinyumenyume. Wa Mzee uliingia puli zote tatu kwa mkono mtupu. Wakesho ndiye aliyekaza boliti, kwa nguvu zake zote. Mwadime ndiye aliyemwambia, "Sasa rudisha kidogo." Kidole gumba kikazama. Gari likapanda nusu iliyobaki lenyewe, kwa injini yake, na watu wa ukutani wakapiga vigelegele kana kwamba hatukusimama.

Pampu bado ilidondosha. Ila kutoka Mwanda hadi Voi njia karibu yote inateremka, na asubuhi Mwadime alitoka nje amevaa koti, na begi lake la hospitali mkononi. Alikwenda upande wa abiria, akatulia, akakaa. Wakesho akakaa nyuma ya usukani.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gari lina viti viwili.

"Utatukuta Voi, Baba Rehema," mke wangu akasema. "Wundanyi utapata gari." Mkawasi akaniletea kuku wa kumpelekea fundi aliyetufikisha. Mwadime akanivisha ule mkanda wa posho mill shingoni. "Umrudishie na soprano yake," akasema. Kisha wakaondoka, wakibishana kama gia ya pili inatosha kwenye kona ya kwanza, na ukungu ukawafunika kabla sijawapungia mkono.

Jirani alinishusha hadi Wundanyi kwa pikipiki, ukungu ukinilowesha shati njia nzima. Hapo ndipo nilipopigwa picha.

Mwadime alipasuliwa wiki hiyo hiyo, na anaendelea vizuri. Alinipigia simu kutoka kitandani, mimi nikiwa Voi na gari likisubiri pampu, sauti yake bado nzito ya dawa. Nikaanza kumpa pole.

"Shemeji," akanikatiza, "umeugusa mkanda?"

"Sijaugusa."

"Bonyeza kwa kidole gumba. Nasubiri."

Nikaenda nje na simu sikioni, nikafungua boneti, nikabonyeza. Kidole kikazama.